Kijazo cha Zebaki Kwenye Gego: Kuamua Kama Kitolewe, na Namna ya Kukitoa kwa Usalama

Ukisimama mbele ya kioo, ukafungua mdomo na kumulika kwa tochi ya simu, kijazo cha amalgamu utakitambua mara moja: ni kile cha kijivu kinachoelekea weusi, kilichokaa katikati ya gego kama saruji iliyokauka. Mimi nilikuwa navyo vitano, vyote vya tangu nilipokuwa sekondari. Viwili vimekwisha kutolewa, kimoja kwa haraka na bila kinga yoyote, kingine kwa utaratibu uliostahili, na tofauti kati ya siku hizo mbili ndiyo iliyonisukuma kuandika mwongozo huu.

Ndugu na majirani wanaposikia kwamba amalgamu ina zebaki, swali lao huwa ni kama wavitoe vyote. Ninaloshikilia ni kwamba swali hilo haliulizwi kwa kinywa kizima, bali kwa jino moja moja. Kijazo kizima kisichosumbua kiachwe mahali pake, kwa kuwa saa ambayo zebaki nyingi zaidi hutoka kwenye kijazo ni ile saa kinapochimbwa. Kijazo kilichoharibika kitolewe, lakini kitolewe na mtu anayejua kuuzuia mvuke na mwenye vifaa vya kuuzuia.

Zebaki iko wapi, na inatokaje

Amalgamu ni mchanganyiko wa zebaki na unga wa fedha, bati na shaba, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Imetumika kwa zaidi ya miaka 150 kwa sababu ni nafuu, ni ngumu, na huvumilia kuwekwa hata mahali ambapo mate hayakauki vizuri. Zebaki ikishashikana na metali hizo hutulia, ila haifungiki kabisa. Kutafuna, kusaga meno usingizini na kunywa vitu vya moto huachia mvuke kidogo, unaohesabiwa kwa mikrogramu chache kwa siku. Mvuke huo ndio wa kuangaliwa. Kipande cha amalgamu ukikimeza kwa bahati mbaya hupita tumboni na kutoka karibu kama kilivyoingia, lakini mvuke ukivutwa kwa pumzi, takriban asilimia 80 yake huingia mwilini kupitia mapafu. Mwenye kulishika jambo hili moja atazielewa taratibu zote nitakazozitaja huko mbele bila kuhitaji kuzikariri.

Je, kiasi hicho cha kila siku kinadhuru? Mwaka 2006 zilitolewa taarifa za majaribio mawili makubwa kwa watoto, moja la Marekani lenye watoto 534 na jingine la Lisbon lenye watoto 507, ambamo baadhi ya watoto walizibwa kwa amalgamu na wengine kwa kijazo cheupe, kisha wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Watoto wa amalgamu walikuwa na zebaki zaidi kwenye mkojo, lakini akili, kumbukumbu na utendaji wa neva zao havikutofautiana na vya wenzao kwa namna iliyoonekana. Hata hivyo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishauri mwezi Septemba 2020 kwamba baadhi ya watu wasiwekewe amalgamu mpya ikiwezekana: wajawazito na wanaopanga kubeba mimba, wanaonyonyesha, watoto, hasa walio chini ya miaka 6, wenye magonjwa ya neva, wenye figo dhaifu, na wenye mzio wa zebaki au metali zinazochanganywa nayo. Katika ushauri huohuo mamlaka hiyo ilisema kwamba vijazo vilivyo katika hali nzuri visitolewe, isipokuwa pana sababu ya kitabibu. Watu wengi husoma nusu ya kwanza ya ushauri huo na kuiacha ya pili.

Hali ni hiyohiyo kwa sheria. Norway iliizuia amalgamu mwaka 2008, Sweden ikafuata mwaka 2009, na Umoja wa Ulaya umeizuia tangu tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa kwa mahitaji maalumu ya kitabibu. Mkataba wa Minamata, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliingia katika samaki wa ghuba na kuwalemaza watu wengi, ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2022 kwamba amalgamu isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, ila pale daktari anapoona ni lazima; na mwezi Novemba 2025, mjini Geneva, zikaweka mwaka 2034 kuwa mwisho wake. Maamuzi hayo yanahusu kijazo kipya, biashara ya zebaki na taka zinazoishia majini. Hayamwagizi mtu yeyote kung'oa kijazo kizima kilichomo kinywani.

Kukagua jino moja moja

Anza mwenyewe nyumbani, kabla ya kwenda kwa daktari, kwa sababu utakachokiona na kukihisi wewe ni nusu ya uamuzi. Kausha gego kwa kitambaa safi, umulike, kisha uangalie ukingo ambapo kijazo kinakutana na jino. Ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa kijazo cha zamani ni jambo la kawaida na peke yake hautoshi. Kinachotosha kukupeleka kwa daktari ni kipande kilichomeguka, shimo linaloshika ncha ya kijiti cha meno, jino kugeuka rangi ya kahawia au kijivu kuzunguka kijazo, uzi wa kusafishia meno unaochanika kila unapopita hapo, au nyuzi za nyama na embe zinazonasa palepale kila siku. Angalia pia maumivu yanakuja vipi. Ubaridi unaouma kidogo na kwisha papo hapo hauna uzito sawa na ubaridi unaobaki ukiuma kwa dakika nzima. Na maumivu makali yanayokuja unapoachia baada ya kuuma kitu kigumu mara nyingi huashiria jino lenyewe limepasuka chini ya kijazo.

Kisha geuza shavu lako nje na utoe ulimi upande. Ukiona mistari myeupe iliyofumana kama wavu, au wekundu unaowasha, mahali hasa ambapo ngozi laini ya shavu au ulimi inagusana na kijazo, hiyo ni sababu ya kweli ya kufikiria kukitoa. Baadhi ya watu miili yao huikataa amalgamu kwa namna hiyo, na mara nyingi kidonda hupona katika wiki au miezi michache baada ya kijazo kuondolewa. Si wengi, lakini nimetangulia kuwataja kwa sababu hao ndio ambao kijazo chenyewe, wala si kutoboka, ndicho ugonjwa wao. Doa la buluu-nyeusi kwenye ufizi karibu na kijazo ni kitu kingine: aghalabu ni chembe za amalgamu zilizozama kwenye nyama siku ya kuzibwa, wala hazidhuru, ila mwonyeshe daktari ili athibitishe kwamba si kitu kingine, hasa kama doa linakua.

Hatua ya pili ni picha ya eksirei, ile ndogo ya pembeni ambayo unaiuma kwa meno ya juu na ya chini pamoja. Amalgamu huonekana nyeupe kabisa, jino huonekana kijivu chepesi, na kutoboka kupya huonekana kama kivuli cheusi pembeni au chini ya kijazo. Omba uonyeshwe picha hiyo. Daktari akikuambia kijazo kimeoza chini, ni haki yako kuona kivuli anachokizungumzia, na daktari mzuri hufurahi kuulizwa.

Tahadhari hiyo ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa hakuna kijazo kinachotolewa bila jino kupungua. Drili haifuati mpaka kamili kati ya metali na jino, na kila badiliko hupanua tundu kidogo na kusogea karibu na neva. Jino lililobadilishwa kijazo mara kwa mara huweza kuishia kuhitaji kofia, yaani kifuniko kinacholivika jino zima. Likizidi, huhitaji tiba ya mzizi, yaani kutoa neva iliyomo na kuusafisha mzizi kwa ndani. Likizidi tena, hung'olewa. Kijazo cheupe kitakachochukua nafasi ya amalgamu kwenye gego, kwa kawaida, hakidumu kama amalgamu, na hushambuliwa na kutoboka kwenye kingo mapema zaidi. Kwa hiyo anayetoa kijazo kizima leo anaanzisha safari ambayo pengine ingesubiri miaka mingine kumi au zaidi.

Sababu ambazo hazitoshi

Uchovu, kichwa kuuma, kusahau, viungo kuuma na usingizi mbovu ndizo dalili zinazotajwa zaidi na wanaoamini kwamba kijazo kinawatia sumu. Siwadharau hata kidogo, kwa sababu mateso yao ni ya kweli. Mwaka 2008 madaktari wa Ujerumani walitoa matokeo ya jaribio la watu 90 waliokuwa na malalamiko kama hayo. Kundi moja lilitolewa vijazo, la pili likatolewa vijazo na kupewa vitamini na madini ya kusafisha mwili, la tatu halikutolewa kitu bali lilifundishwa namna ya kuishi kwa afya. Baada ya mwaka mmoja makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu, na nafuu yao haikutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika, ingawa zebaki ilipungua kwa waliotolewa. Mimi nalisoma jaribio hilo hivi: mwenye dalili hizo apimwe kwanza damu, sukari, tezi ya shingo na presha, aulizwe kuhusu usingizi na mawazo, kwa sababu kinachotisha zaidi ni kijazo kulaumiwa huku ugonjwa halisi ukiendelea kukua.

Kutaka jino jeupe kwa ajili ya mwonekano ni uamuzi wa mtu mzima juu ya kinywa chake, nami sina pingamizi nao, mradi afanye hivyo akijua gharama ya jino niliyoieleza na asiambiwe kwamba ni tiba.

Kuhusu wajawazito na wanaonyonyesha, msimamo ni thabiti: vijazo vizima visiguswe kipindi hicho, kwa kuwa mvuke wa siku ya kuchimba humfikia mtoto tumboni kupitia kondo la nyuma. Jino linalouma au lenye usaha litibiwe, kwani maambukizi nayo ni hatari, ila ikiwezekana tatizo litulizwe bila kuchimba amalgamu. Anayepanga kubeba mimba na ana kijazo kilichoharibika akitoe miezi kadhaa kabla, kwa sababu mwili huchukua takriban miezi miwili kupunguza kwa nusu zebaki ya aina hii iliyomo ndani yake.

Vipimo vya zebaki

Ukitaka kupimwa, kipimo kinachohusu kijazo ni cha mkojo. Kipimo cha damu, na hasa cha nywele, huonyesha zaidi zebaki ya samaki, ambayo ni ya aina nyingine. Mtu wa pwani anayekula papa au jodari wakubwa mara kwa mara anaweza kupata jibu la kumshtua ambalo halihusiani na magego yake. Hata mkojo nao una wengine wa kuulizwa kabla ya kijazo. Krimu na sabuni za kujichubua ngozi, zile zinazouzwa bila lebo ya kueleweka na zile za kuchanganywa dukani, zimekutwa mara nyingi na zebaki, na huipandisha kuliko kijazo. Vivyo hivyo anayechenjua dhahabu na kuchoma zebaki juu ya jiko, iwe Geita, Chunya au Migori, huvuta mvuke ambao vijazo vyote vya kinywani haviwezi kuufikia. Mtu wa aina hiyo asitumie fedha yake kwa meno kabla hajaacha chanzo hicho.

Kataa kipimo kimoja: kile ambacho unapewa kwanza dawa ya kuvuta metali, kisha mkojo wako unapimwa na kulinganishwa na wa watu ambao hawakupewa dawa. Dawa hiyo hupandisha zebaki kwenye mkojo wa karibu kila mtu, kwa hiyo karibu kila mtu huambiwa amejaa sumu. Wataalamu wa sumu wa Marekani, kupitia chuo chao cha kitabibu, wamekwisha kutamka kwamba kipimo hicho hakijathibitishwa. Dripu za kuvuta metali nazo si za kuchezea. Kati ya mwaka 2003 na 2005 watu 3 nchini Marekani, 2 kati yao watoto, walifariki baada ya kalsiamu ya damu kushuka kutokana na dawa ya aina hiyo. Mtu ambaye figo zake ni nzima na amekwisha kuondokana na chanzo cha zebaki ataitoa mwenyewe kwa mkojo na choo, siku baada ya siku.

Kumtafuta daktari na kumuuliza

Daktari awe amesajiliwa. Tanzania Bara usajili huo ni wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na kila nchi jirani ina baraza lake. Piga simu au nenda uulize kabla ya kufungua mdomo. Swali la kwanza ni kama anatumia kitambaa cha mpira, ile shiti nyembamba, mara nyingi ya kijani au buluu, inayotobolewa tundu ili jino pekee lichomoze na koo libaki nyuma ya pazia. Swali hili huwachuja wengi. Kitambaa hicho huzuia vipande kuingia kooni, na husaidia pia kijazo kipya, kwa kuwa kompositi, yaani kijazo cheupe, haishiki vizuri penye mate. Kwa hiyo daktari mwenye mazoea ya kukitumia huwa pia mzibaji mzuri. Kama una mzio wa mpira, mwambie mapema, kwani vipo visivyo vya mpira asilia.

Muulize kama ana mashine ya kunyonya yenye nguvu, ile ya mrija mnene, mbali na kile kimrija kilichopinda cha kunyonyea mate. Muulize kama anakata kijazo vipande na kuving'oa, au anakisaga chote. Muulize chumba kinaingizaje hewa. Na kwa huku kwetu naongeza swali ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji: umeme ukikatika katikati ya kazi, jenereta inawaka baada ya muda gani, na inaendesha mashine ya kunyonya au taa tu? Mimi sasa huchukua miadi ya asubuhi, na siku ambayo mtaa una mgao huahirisha.

Uliza pia kabla ya siku yenyewe kama bima yako italipa. Kwa kawaida ni rahisi bima kugharamia jino lililotoboka au kijazo kilichovunjika kuliko kijazo kizima kinachobadilishwa kwa hiari, na ni vyema daktari aandike sababu hiyo kwenye fomu kama ilivyo.

Toka polepole ukimsikia daktari akisema kwamba kutoa vijazo kutaponya ugonjwa wako wa neva au wa ngozi ambao hata hajaupima, au akitaka kuvitoa vyote siku moja, au akikuuzia kifurushi cha dripu za kusafisha mwili pamoja na kazi ya meno. Wapo pia wanaofuata utaratibu mkali zaidi uliopangwa na chama cha kimataifa cha madaktari wa meno wanaopinga zebaki, kifupi chake IAOMT, wenye oksijeni ya puani, shuka la kufunika mwili mzima na mashine kubwa ya kuchuja hewa. Sehemu kubwa ya kinga hizo inaeleweka, na baadhi yake humlinda daktari na msaidizi wake, wanaovuta hewa hiyo kila siku, kuliko mgonjwa wa saa moja. Ukizipata kwa bei unayoimudu, vizuri. Usipozipata, shikilia manne: kitambaa cha mpira, maji mengi, mrija mnene wa kunyonya, na kukata vipande vikubwa.

Siku yenyewe

Siku ya kwanza niliyotolewa kijazo, katika kliniki ambayo sitaitaja, nilikalishwa, nikachomwa ganzi, na drili ikaanza kusaga. Hapakuwa na kitambaa, na mrija ulikuwa ule mwembamba tu, umening'inia kwenye mdomo wa chini ukinyonya mate. Nilipotema kwenye beseni niliona unga wa kijivu ukizunguka na maji, na ulimi wangu ukawa na chenga kama za mchanga na ladha ya sarafu. Sikuugua, wala sisemi kwamba niliugua, kwa sababu kijazo kimoja hakitoshi kumlaza mtu mzima mwenye afya. Ila niliyoyavuta siku ile hapakuwa na haja ya kuyavuta, na mhudumu aliyesimama karibu yangu bila barakoa huyavuta kila siku ya kazi.

Mara ya pili ilikwenda hivi, nawe unaweza kuitumia kama kipimo. Nilikula kwanza, kwa sababu ganzi kwenye tumbo tupu huwafanya wengine kuzimia. Sikuwa na mafua. Pua ikiwa imeziba ahirisha, kwani chini ya kitambaa cha mpira utapumua kwa pua, na ndivyo inavyotakiwa. Baada ya ganzi kushika nilivikwa miwani, kitambaa kikabanwa kwenye gego kwa kibanio kidogo cha chuma, na msaidizi akaushika ule mrija mnene karibu kabisa na jino tangu mwanzo hadi mwisho bila kuusogeza. Drili ilikuwa na kichwa kipya, kwa sababu kichwa butu hupasha joto na joto ndilo linaloamsha mvuke, na maji yalimwagika juu yake muda wote. Daktari hakukisaga kijazo. Alichora mfereji katikati, kama mtu anayekata kipande cha sabuni, kisha mwingine wa kuupita, akatia ncha ya kifaa na kukibandua. Nilisikia kitu kikigonga bakuli la chuma, tak, na tena tak. Drili ilizunguka kwa dakika chache tu. Kisha akasafisha kwa maji na kunyonya kabla ya kukigusa kitambaa, akabadilisha glavu, na ndipo kazi ya kuziba ikaanza.

Wewe kwa upande wako usiongee, usifungue mdomo kuvuta pumzi, na kubalianeni tangu mwanzo kwamba ukiinua mkono wa kushoto anasimama. Ukihisi maji au chenga nyuma ya kitambaa, inua mkono. Usimeze.

Kuhusu kitakachowekwa badala yake, zungumzeni kabla ya ganzi, wakati bado unaweza kuuliza. Tundu dogo au la kati linafaa kompositi, ambayo huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja la milimita 2 hivi, na kukaushwa kwa taa ya buluu. Daktari anayejaza tundu refu kwa mkupuo mmoja kwa kompositi ya kawaida anakuachia kijazo ambacho chini hakijakauka. Glasi ayonoma, aina nyingine ya kijazo cheupe, hutoa floridi na huvumilia unyevu, lakini huchakaa upesi mahali pa kutafunia, kwa hiyo inafaa meno ya watoto, kingo za ufizi, au kama kijazo cha muda. Gego ambalo kuta zake mbili au zaidi zimekwisha litapasuka ukilijaza tu. Hilo linataka kofia, na ni heri kuambiwa hivyo kabla ya kuchimba kuliko baada. Mwenye vijazo kadhaa vinavyohitaji kutolewa aanze na jino lililo baya zaidi, asizidishe robo moja ya kinywa kwa safari, na aache wiki chache katikati, ili upande mmoja uweze kutafuna huku mwingine ukitulia.

Jambo moja ambalo mgonjwa haulizi sana, nami naona alipaswa kuuliza, ni vipande vile vinakwenda wapi. Vinatakiwa kuwekwa kwenye chombo chenye mfuniko unaobana na kuhifadhiwa kando kama taka ya zebaki. Vikitupwa kwenye ndoo ya taka za hospitali zinazochomwa, zebaki yote inakuwa moshi; vikimwagwa kwenye sinki bila kichujio, hufuata maji hadi ziwani au baharini, na huko vijidudu huigeuza kuwa ile aina inayopanda kwa samaki hadi kurudi kwenye sahani zetu. Hata jino lililong'olewa likiwa na kijazo, ukipewa ulichukue nyumbani, usilichome na takataka.

Baada ya hapo

Ganzi hukaa saa mbili hadi nne. Usile wala kunywa chai ya moto kabla haijaisha, kwa sababu watu hujiuma shavu au ulimi bila kujua. Jino linaweza kushtuka kwa baridi au unapouma kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili tatu, hasa kama tundu lilikuwa refu. Ukiona meno mengine hayakutani kwa sababu kijazo kipya kimezidi kimo, usisubiri kizoee. Rudi kesho yake, kipunguzwe kwa dakika tano, maana jino linalogongwa kabla ya mengine kila unapofunga mdomo huuma hadi kwenye sikio. Maumivu yanayodunda yenyewe usiku, au ya joto yanayobaki, yanaashiria neva imeumia, na hiyo ni habari ya tiba ya mzizi.

Ukipima mkojo mara tu baada ya kutolewa, kiwango kinaweza kuwa juu kuliko awali, kisha hushuka polepole hadi kuwa chini ya kilivyokuwa mwanzo. Kama unataka kujua badiliko la kweli, pima kabla, kisha usipime tena hadi miezi mitatu au zaidi ipite.

Andika kwenye daftari jino lipi lilitolewa kijazo, tarehe, sababu, na kilichowekwa, na uhifadhi nakala ya eksirei, kwa kuwa kliniki hufungwa na mafaili hupotea. Vijazo vyangu vitatu vilivyobaki vimeandikwa humo pia: viwili ni vizima, na kimoja kina ufa pembeni ambao mwaka jana haukuwa na kivuli chini yake. Hicho kitapigwa picha tena Agosti.